Hana la Kusema

Nana yangu, mzaa mama, alizaliwa Darakasi, na ingawa zaidi ya nusu ya umri wake aliimaliza Kismayu mjini, hakuacha mpaka siku ya kufariki kwake kuupima mwaka kwa kusi na kaskazi, wala hakuacha kuuita ugomvi wa watu wazima kwa jina moja tu, upepo; hata mimi niliyelelewa juu ya mkeka wake nilijua, kabla sijajua kusoma, ya kuwa upepo ukivuma katika nyumba fulani, haitapita Isha ila wanawake watakuwa wamekuja uani kwetu, kila mmoja na miyaa yake iliyorowekwa na ukili wake aliokwisha kuuanza, na kati yao ataketi yule mwenye lawama, naye ana ukili wake mkononi kama wenziwe.

Hakuna aliyemwuliza neno. Walisuka. Vidole vilikwenda, jani juu, jani chini, macho yote yakiitazama kazi, maana mwenye kusuka ana ruhusa ya kutomtazama mwenziwe usoni bila ya kuhesabiwa kuwa amekosa adabu. Wakazungumza habari za bei ya samaki, za mashua zilizochelewa, za mtoto wa fulani aliyeanza kuota meno. Na kati ya mazungumzo hayo, labda usiku ule, labda usiku wa tatu, mwenye lawama hufungua kinywa mwenyewe. Namkumbuka mmoja aliyewekewa na jirani yake amana ya kikuku cha fedha, akaenda akakiweka rehani. Ilikuwa usiku wa nne aliposema, bila ya kuinua kichwa, ya kuwa pesa zile zilikwenda kwa tabibu, na kwamba mtoto hakupona juu ya hayo. Nana akamsogezea miyaa. Likakatwa shauri kuwa asuke mikeka mpaka thamani ya kikuku itimie, na mikeka yote apewe mwenye mali. Na mwenye mali, pasipo kuagizwa na mtu, akawa kila adhuhuri anapeleka sinia ya chakula kwa wale watoto wawili waliobaki, hadi deni likaisha.

Nilipokuwa mtu mzima na mwanafunzi wa sheria ndipo nilipofahamu ya kuwa uani ule ulikuwa mahakama, na kwamba ulikuwa umeishi chini ya mahakama nyingine nyingi zilizopita juu yake kama mawingu. Wazee wa Nana walikuwa raia wa Sultani wa Unguja. Kisha Jubaland, nchi yetu, ikawa ya Waingereza, waliohukumu kwa kanuni ya jinai waliyoichukua Bara Hindi. Mwaka 1925 Waingereza wakaikabidhi nchi kwa Wataliana. Na baada ya uhuru Jamhuri ya Somalia ikatunga kanuni yake ya adhabu ya mwaka 1962, ikaanza kuitumia mwaka 1964. Pamoja na hizo zote ilikuwako xeer, mila ya Wasomali ambayo kwayo damu hulipwa kwa ngamia, 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke, nayo humfaa mtu mwenye ukoo wa kumdaia. Sisi Wabajuni, wavuvi tusio na silaha, aghalabu hatukuwa na wa kutudaia, na wanawake wetu walikuwa wa mwisho katika watu wasiodaiwa.

Serikali ya Mogadishu ilipoanguka Januari 1991 tuliondoka kwa mashua, tukashuka Mombasa, tukakaa Jomvu katika kambi ya wakimbizi. Sitakaa sana katika habari hizo, kwa kuwa wengi wamezieleza, na kwa kuwa Nana hakufika nasi.

Miaka mingi baadaye, nilipopata nafasi ya kufanya utafiti wa shahada ya juu, nilichagua kuchunguza jinsi wanawake wa pwani ya Kenya wanavyohukumiwa. Sababu niliyoiandika katika maombi yangu ilikuwa ya kitaalamu: hesabu iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha ya kuwa wanawake na wasichana zaidi ya 740,000 wako magerezani duniani, na kwamba idadi hiyo imepanda kwa karibu asilimia 60 tangu mwaka 2000, ilhali idadi ya wanaume haikupanda kwa kadiri hiyo. Sababu niliyoificha moyoni ilikuwa ule uani.

Nikaanza kusoma majalada. Jalada la kesi ndogo ni kitu chembamba, karatasi nne au tano zilizofungwa kwa uzi, na mwandiko wa hakimu umekwenda mbio kwa Kiingereza kwa sababu foleni ni ndefu. Kosa husomwa, mshitakiwa hukubali, mwendesha mashitaka husema kama ana rekodi au hana, kisha huja mstari mmoja, nao ni wa maneno ya shufaa, mahali ambapo sheria inamtaka hakimu amsikilize mtu kabla ya kumpimia adhabu. Katika mstari huo niliona jalada baada ya jalada maneno yale yale, ambayo kwa lugha yetu ni haya: hana la kusema. Na chini yake adhabu: faini kiasi fulani, au kifungo cha muda fulani akishindwa kulipa.

Hapa inanilazimu kukiri kosa langu, maana bila ya kosa hilo nisingekuwa na la kumpa msomaji. Niliyaamini yale maneno. Nilijiambia ya kuwa namjua mwanamke wa pwani: kafundishwa stara na haya, kafundishwa kuwa aibu ya nyumba haitoki nje ya mlango, na kwa hiyo akisimama kizimbani hunyamaza, na hakimu asiyeijua mila yetu huuhesabu ukimya huo kuwa ni ukaidi au kutojuta. Niliandika hivyo katika makala yangu ya kwanza, kwa maneno mazuri, na makala hiyo ilisifiwa na watu ninaowaheshimu.

Kilichonitia shaka kwanza kilikuwa kitabu. Susan Hirsch, mwanazuoni wa Kimarekani, alikaa katika mahakama za Kadhi za Malindi na Mombasa akisikiliza wake na waume wakishitakiana, na mwaka 1998 akatoa kitabu kiitwacho Pronouncing and Persevering, kinachoonyesha ya kuwa ijapokuwa mume ndiye mwenye kutamka talaka na mke ndiye mwenye kutarajiwa kuvumilia, mbele ya Kadhi mke husema: husimulia, hupanga kisa chake, hutaja siku na mashahidi, na mara nyingi huondoka na haki yake. Nilikisoma kwa usiku mbili, na nilipokifunga nilijiuliza swali ambalo nilikuwa nimelikimbia. Mwanamke ni yule yule, mji ni ule ule, na majengo mawili hayako mbali. Ikiwa kwa Kadhi ana maneno mengi kiasi hicho, na kwa hakimu hana hata moja, basi si haya iliyomfunga kinywa, kwa kuwa haya haimwachi mtu mlangoni pa jengo hili ikamngojea mlangoni pa jengo lile.

Kisa cha mwandishi huyo hakikuishia hapo, nami sipendi kulitaja jina lake bila ya kukieleza. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa, mumewe, Mswahili wa pwani ya Kenya, aliuawa Dar es Salaam. Washitakiwa walipohukumiwa New York mwaka 2001 serikali ilitaka wawili kati yao wauawe, na yeye mjane, ambaye huzuni yake ndiyo iliyokuwa ikitumiwa kuwa hoja ya kuua, aliipinga adhabu ya kifo. Baraza la mahakama halikukubaliana kwa kauli moja, na wote wakapewa kifungo cha maisha. Aliyaandika hayo katika kitabu cha mwaka 2006. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa mtu aliyesoma adhabu kwa kalamu kisha akaisoma kwa nafsi yake, na hakubadili jibu.

Basi nikaomba ruhusa ya kuingia gerezani. Nilikuwa na maswali yaliyopangwa, daftari, na chombo cha kunasia sauti, na kwa majuma mawili wanawake walinijibu kwa adabu isiyokuwa na kitu ndani yake: ndiyo, la, alhamdulillahi. Juma la tatu nilikwenda na miyaa. Askari wa kike wa zamu aliyapekua majani yale, akayanusa, akaniuliza ni ya nini, nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema mkeka haujapata kumtorosha mtu. Tukaketi chini ya mwarobaini. Sikufungua daftari.

Aliyekuwa ubavuni mwangu alikuwa mtu mzima kuliko mimi, kwao ni visiwa vya kaskazini ya Lamu, na mtoto wake mdogo, aliye chini ya miaka minne na kwa hiyo kuruhusiwa kukaa na mamake gerezani, alikuwa akivivuta vipande vya miyaa vilivyoanguka. Mama huyo alikamatwa akiuza samaki wa kukaanga kando ya barabara bila leseni, akatozwa faini ya shilingi 10,000 au miezi 3. Sheria ya Kenya imepanga ngazi ya vifungo vya wasioweza kulipa: kwa faini inayozidi shilingi 2,500 na isiyozidi 15,000 kifungo hakizidi miezi 3, kwa inayozidi hapo hadi 50,000 hakizidi miezi 6, na mwenye kuisoma ngazi hiyo vitabuni huiona kuwa ni rehema, maana imeweka mpaka. Lakini mwenye shilingi 10,000 hutoka jioni ile ile, na asiyekuwa nazo huingia. Kwa hiyo siku 90 zile si bei ya kuuza samaki, ni bei ya kutokuwa na pesa.

"Mama," nikamwambia, baada ya ukili wetu kufika kama dhiraa moja, "nimeisoma faili yako. Imeandikwa ya kuwa hukusema neno."

Akaacha kusuka. "Mimi?"

"Ndiyo. Hana la kusema."

"Mwanangu," akasema, na sauti yake haikupanda, "nilisema. Nilisema mara mbili. Nilimwambia: sina muchu."

Msomaji wa Kibajuni hahitaji kuelezwa; kwa wengine nitaeleza. Pale mwenye Kiunguja anapotamka t, sisi mara nyingi hutamka ch. Mtu kwetu ni muchu na watu ni wachu, na kabila ambalo wengine huliita Watikuu sisi wenyewe hujiita Wachikuu. Alikuwa amesema, sina mtu. Katika maneno mawili hayo yalikuwamo yote ambayo sheria ilitaka kuyasikia: ya kuwa mumewe hayupo, ya kuwa ana watoto wengine wawili, wa miaka 6 na wa miaka 9, waliobaki chumbani na ufunguo, ya kuwa hana ndugu mjini wa kumlipia, ya kuwa hana kitambulisho, na asiye na kitambulisho hasajiliwi laini ya simu, na asiye na laini hana M-Pesa, hata akitokea msamaria wa kumtumia hizo pesa hakuna pa kuzipokelea. Karani aliyekuwa akitafsiri, mtu wa bara, hakulijua neno muchu. Alimtazama, akangoja, akalisikia tena, akamgeukia hakimu.

Nilirudi katika majalada nikayasoma upya kama mtu anayerudi kaburini kuona kama aliyemzika alikuwa hai. Wanawake niliofanikiwa kuwapata, kila mmoja alikumbuka kwa yakini alilolisema. Mmoja aliomba apewe siku mbili tu ampeleke mwanawe kwa dadake. Mmoja alisema pombe ya mnazi aliyokamatwa nayo ndiyo ada ya shule. Wengine walikuwa wakisema Kigiriama au Kipokomo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa mshitakiwa haki ya mkalimani bila ya malipo ikiwa haifahamu lugha ya kesi, na kwa Msomali au Mhabeshi mkalimani hutafutwa; lakini mama yule alikuwa anajua Kiswahili, au ndivyo alivyohesabiwa, kwa sababu Kibajuni ni Kiswahili, na hakuna aliyefikiri ya kuwa mtu aweza kupotea ndani ya lugha yake mwenyewe.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Francis Karioko Muruatetu, ilitamka ya kuwa sheria iliyomlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji, pasipo kupima hali yake, inapingana na Katiba. Na msingi wa uamuzi huo ulikuwa kwamba maneno ya shufaa ni sehemu ya kesi ya haki, si fadhila. Wanasheria wenzangu walifurahi, na mimi nilifurahi pamoja nao. Ila furaha yangu ilikuwa na mwiba. Jengo zima la marekebisho limesimama juu ya ule mstari mmoja wa jalada. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kumpa kifungo cha nje mtu ambaye kosa lake halistahili zaidi ya miaka 3, naye afagie zahanati au apande miti huku akilala nyumbani na wanawe; afisa wa probesheni aweza kutumwa nyumbani kwa mshitakiwa, akaketi na majirani, akarudi na habari, naye ndiye mtu pekee wa serikali ambaye kazi yake inaukaribia ule uani wa Nana. Lakini ni nani atakayemtuma afisa huyo kwenda kuuliza habari za watoto, ikiwa imekwisha kuandikwa ya kuwa mama yao hana la kusema?

Wala mtu asidhani ya kuwa palipo na mkalimani hodari mambo yamekwisha. Pat Carlen, aliyechunguza gereza la wanawake la Cornton Vale huko Uskochi na kukitoa kitabu chake mwaka 1983, aliwahoji mahakimu waliowapeleka wanawake humo, lugha yao na ya wanawake wale ikiwa moja, akakuta ya kuwa aghalabu walipima kama mwanamke ni mama mwema au si mwema: mwema wakimwonea haya kumtenga na watoto, na asiyekuwa mwema wakimwona kuwa hana hasara. Swali la watoto liliulizwa, basi, lakini liliulizwa ili kumpima mama, si ili kuwajua watoto. Kuna tafauti kubwa hapo, nami nimeona hakimu mwenye moyo mzuri akiipita bila ya kuiona.

Mwaka 2010, tarehe 21 Desemba, Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Bangkok, kanuni 70 za kuwatendea wanawake wafungwa, na katika hizo imo ya kwamba mama aruhusiwe kupanga mambo ya wanawe kabla ya kuingizwa gerezani, hata ikibidi kuakhirisha kifungo kwa muda wa kiasi. Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilimkumbuka mwanamke wa kabila la Ghamid, ambaye habari zake tulizisikia chuoni tungali watoto: alikuja kwa Mtume akakiri zinaa naye ana mimba, akarudishwa mpaka azae, kisha akarudishwa tena mpaka mtoto aachishwe ziwa. Sitaki kuingia katika mengine ya kisa hicho ambayo wanazuoni wameyazungumza kwa karne nyingi. Nasema tu ya kuwa mtoto asiye na kosa alitazamwa kwanza, na kwamba mwenye kukiri alirudishwa mara kwa mara kana kwamba mlango uliachwa wazi makusudi.

Ndiyo sababu yaliyotokea Kismayu tarehe 27 Oktoba 2008 yaliniuma mara mbili, kama mtu wa mji na kama mwanafunzi wa hukumu. Al-Shabaab, waliokuwa wakiutawala mji, walimpeleka msichana katika uwanja wa mpira, wakamzika mpaka shingoni, wakampiga mawe mpaka akafa mbele ya umati. Walisema ni mzinifu na kwamba amekiri. Shirika la Amnesty International lilieleza, kwa habari lililozipata kwa jamaa zake, ya kuwa alikuwa na umri wa miaka 13, na kwamba alikuwa amekwenda kushitaki kubakwa na wanaume watatu. Wanaume hao hakuna aliyekamatwa. Jina lake liliandikwa katika magazeti ya dunia nzima, nami sitaliandika tena. Uwanja ule naujua. Nilikuwa na umri kama wake nilipopita hapo kila siku kwenda chuoni. Alikwenda kushitaki, na shitaka lake likaandikwa kuwa ikirari. Sisemi ya kuwa karani asiyejua neno muchu na watu waliookota mawe ni sawasawa. Mungu anajua hawako karibu. Nasema ya kuwa tangu siku hiyo siwezi kuusoma mstari wa shufaa katika jalada lolote, hata la samaki, bila ya kuuliza ni nani aliyesikia na ni nani aliyeandika.

Mama yule alimaliza siku zake. Wakili niliyemwendea alikuwa tayari kuomba Mahakama Kuu ilitazame upya jalada, lakini jalada lilikuwa halijaitwa alipofunguliwa mlango. Wale watoto wawili walikuwa wamekaa kwa mwuza maji wa jirani, ambaye hakuwajua mama wala baba, na ambaye aliniambia ya kuwa aliwasikia wakilia usiku akaona haya kupita.

Mimi nilikwenda kumtafuta karani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Nilimkuta ni kijana mwembamba katika chumba kisicho na feni, majalada yamefika dirishani, na nilipomtajia neno lile alinyamaza kwa muda, kisha akasema anamkumbuka yule mama, kwa sababu alilitaja neno hilo mara mbili, na yeye alidhani ni jina la mtu. Hakujitetea. Alivuta droo, akatoa daftari la shule lenye jalada la buluu, akaandika muchu, akaandika mbele yake mtu, akapiga mstari.

"Na wakiwa wengi?" akauliza.

"Wachu."

Akaandika. Akaniuliza kitu tunakiitaje, na tatu, na mtoto. Tukaenda hivyo, yeye akiuliza na mimi nikijibu, mara nyingine nikikosea na kujirudi kwa kuwa Kibajuni changu kimechakaa kwa kukaa ugenini, mpaka adhana ya Alasiri ikasikika na mlinzi akaja kutuambia kwamba anataka kufunga. Karani akageuza ukurasa, akanishika mkono kwa upole, akasema limebaki moja tu, mwanamke akisema anamwomba hakimu ampe siku mbili, hulisemaje?